Usipige Pasi Leo

Baba Shukri,

Chakula kiko chini ya kawa. Kompyuta usiizime! Najua ni Ijumaa na kanzu yako ina makunyanzi, lakini ukichomeka pasi fyuzi itaungua kama wiki jana.

Babangu asubuhi alinihadithia habari za mamangu nisiyemjua, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Yeye anasema, mie napiga chapa, ghafla mdomo ukamwenda upande. Teksi iko nje, nampeleka hospitali. Disketi imejaa, maneno yake yako kwenye kioo tu. Stima ikipotea, nayo yamepotea.

~~Mwambie Shukri ayanakili.~~ La, nakili wewe, kwa kalamu. Naogopa.

Mwisho utaona: "Mamako akicheka alikuwa kama". Acha vivyo hivyo. Inshallah atamalizia mwenyewe.

Mama Shukri