Baba Yenu Hakufoka

Wanangu,

Nimempeleka baba yenu hospitali, fundi wa jirani ametubeba kwa gari lake. Chakula kiko jikoni, kipasheni moto, na gesi muifunge kabisa. Mdogo wenu asibaki peke yake.

Msiogope. Niachieni mimi kuogopa.

Jana mliona wenyewe, mechi ya kwanza ya msimu, timu yake ya mpira wa magongo imechapwa sita bila. Nikajua leo hapakaliki humu ndani. Mnamjua: wakifungwa anapiga meza mpaka vikombe vinaruka, na yule kipa anamwita Mlango Wazi mpaka majirani wanacheka. Kwa hiyo asubuhi niliondoa vikombe mapema, nikamsubiri.

Akaja, akakaa, akasema polepole, "Ni mchezo tu, mke wangu."

Tangu anioe sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nikamtazama vizuri. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala tu mapajani. Kumbe hakuwa ametulia. Ngumi ilikuwa haikunjiki.

Jezi iko kwenye kiti. Msiifue, mwiko wake ni uleule, mpaka washinde.

~~Mkija kumwona, msimtajie mechi.~~

Hapana, mtajieni! Mwambieni Mlango Wazi alidaka vizuri sana, hana kosa lolote. Semeni kwa sauti. Mimi nitakuwa pembeni ya kitanda, naomba afoke.

Mama