Dawa ya Kupe

Mbotela, Nairobi
9 Machi 1994

Mama Ndeti,

Natumai magoti yako bado yanalalamika, maana yakinyamaza nitajua umepata mzee mwingine huko nyumbani. Mimi ni mzima. Jirani yetu Khalayi amepaka mlango wake rangi ya pinki, na sasa hata walevi hawapotei.

Kuhusu Tomi, mbwa wa mwanetu. Tangu Ndeti atutoke nimemtunza kuliko nilivyowahi kukutunza wewe, na usinune. Uji kila asubuhi, maji safi kwenye sufuria yako ile nzuri, gunia jipya la kulalia. Jioni alikuwa bado anakaa mlangoni kumngoja Ndeti atoke kazini.

Shida ikawa kupe, masikio yamejaa. Nikachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe niliyotoka nayo huko Krismasi, nikaipima vile tunavyowapimia ng'ombe wetu, nikamsugua mpaka mkiani. Lusweti wa chumba cha pili akasema, "Mzee, huyo ni mbwa, si fahali." Nikamwambia anyamaze, yeye hata kuku hajawahi kufuga.

Tomi akajilamba, akaanza kutetemeka. Daktari wa mifugo alifika saa nane, Tomi alikuwa amekufa saa saba. Nikampangusa povu, nikamfunika kwa gunia lake. Kisha nikapika chai nikanywa. Sikulia, sijui kwa nini.

Habari ya Ndeti nilikuletea mwenyewe, nikauona uso wako. Hii nimeona niiandike.

Mzee wako mkaidi,
Musau