Sauti Mbele ya Mashine ya Kusaga

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Mpanda hatujambo. Bibi yako anavuna mpunga na anakusalimu sana. Umeniuliza ufanyeje, maana mwalimu wako wa maigizo anasema unameza maneno. Hata mimi niliambiwa hivyo, miaka ya sabini. Kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo alininyima nafasi ya mzee mwenye shamba, akataka kumpa mpwa wake. Mpaka leo inaniuma.

Mama Editha, aliyetufundisha kusema, hakubishana naye. Alituchukua mimi na kiongozi hadi kwenye mashine ya kusaga, ikinguruma, akanisimamisha mbele ya foleni ya akina mama.

"Usishindane nayo kwa kelele, itakushinda. Fungua mdomo, malizia kila neno."

Nikasema maneno ya yule mzee, "Shamba hili nimelilima mwenyewe. Silitoi."

Hakuna aliyegeuka. Nikarudia taratibu, ulimi ukifanya kazi yake. Mama wa mwisho kabisa kwenye foleni akatua debe lake la mahindi.

"Usilitoe, mwanangu. Nani huyo anakusumbua?"

Mama Editha akamtazama kiongozi wetu, basi. Nafasi nikapewa palepale. Mwalimu kama yule sijamwona tena. Ukija likizo tutakwenda mashineni, mimi nitakaa mwisho wa foleni.

Babu yako