Verdiana na Yungiyungi la Kando ya Cherehani

Mwaka umezunguka, mdogo wangu Verdiana, tangu tukulaze kwenye migomba ya nyumbani Ihembe. Nimeambiwa niandike mimi kaka yako Cleophace, ingawa shule niliisoma kwa vipande, na vipande vyenyewe unavijua.

Ulishonea watoto wa kata nzima sare. Kila sketi uliiachia pindo refu, ili mtoto akikua ishushwe.

Kando ya cherehani uliweka tangi la kioo, lenye samaki wadogo na yungiyungi fupi la majani mekundu, lile linaloishi ndani ya maji. Kiazi chake nilikuletea kutoka Mwanza, kwa mtu anayefuga samaki wa mapambo, kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Ulikitazama ukasema, "Kaka, wenzako wakisafiri huleta mkate. Wewe unaniletea kiazi kisicholiwa."

Lakini ulikipenda. Majani yaliyokimbilia juu uliyapunguza, samaki wapate mwanga. Jirani yako Costansia akakutania: "Wenzio tunafuga ng'ombe, wewe unafuga majani." Ukamjibu, "Haya hayajawahi kula maharage ya mtu."

Mimi nisiyetulia mahali, mbele ya maji yale nilitulia. Ulinisogezea kigoda, wala hukuniuliza naondoka lini.

Sasa tukuambie yaliyotokea. Baada ya matanga yungiyungi lilianza kunyauka. Mumeo Protase akaogopa kukupoteza mara ya pili. Akafanya anachokijua mtu wa migomba: akakifukia kiazi chote chini kabisa, akakiwekea samadi ya ng'ombe. Kumbe chenyewe kinataka kichwa kiachwe nje, kwenye changarawe safi. Maji yakawa meusi, samaki wakafa wote. Binti yako Mackrine alipofika kutoka Kayanga alimkuta baba yake amekaa na ndoo mikononi.

"Nilitaka kulitia nguvu," akamwambia.

Mackrine hakumgombeza. "Baba, hata mimi ningefanya hivyo. Aliyejua ni mama."

Wakaliosha tangi pamoja. Kiazi kilikuwa kimeoza, ila ubavuni kilibaki kipande kigumu, kidogo tu. Wakakilaza juu ya changarawe, wakasubiri. Masika yote yakapita bila kitu.

Wiki iliyopita nikiwa Songambele, Protase akanipigia simu. "Shemeji, limeota. Jani moja, jekundu."

Nikamwambia hiyo ni habari njema. Akasema, "Nimegeuka kumwita Verdiana aje aone."

Verdiana, unakumbukwa na mumeo Protase. Watoto wako Mackrine, Benitha na Elick. Dada yetu Prudensia. Mimi kaka yako. Na Costansia, ambaye bado anapita kulitazama tangi lako, ila hatanii tena.

Pumzika, mdogo wetu. Maadamu tupo, utakumbukwa.