Posa Chini ya Hali ya Hatari

Guangzhou,
Novemba 1998

Kaka yangu Shaabani,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto, na goti la mama liwe linamruhusu kusujudu bila kushika ukuta. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na aliyeuumiza ni wewe. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake.

Habari za duka lako nizimalize kwanza, maana najua ndizo utakazozitafuta. Magauni ya watoto nimeyapata soko la Shahe, viatu nimevipata kule Liuhua karibu na stesheni, na vyote vimeshapakiwa. Baridi imeanza kuchungulia, asubuhi natoka na sweta na mchana naibeba mkononi. Yule laoban wangu, mama mwenye duka la magauni, kila akiniona ananigusa kidole na kuniuliza pete iko wapi. Namjibu mei you, hakuna, kama wenyewe wanavyotujibu sisi sokoni kutwa nzima. Anacheka. Mimi sicheki tena.

Kaka, mwaka jana Osman alipoleta posa, aliileta kwa heshima. Ni Msudani, ndiyo, lakini alijua marehemu baba hayupo na kwamba walii wangu ni wewe, akakuandikia wewe kabla hajanitamkia mimi neno la ndoa. Tulichoomba kwako ni karatasi moja tu, barua ya uwakala ya kumruhusu imamu wa hapa atufungishe. Ukajibu kurasa mbili. Ukamsifu, ukamwita ndugu, halafu ukasema Marekani imetangaza hali ya hatari juu ya serikali ya Sudan, na ofisi yenu ya kutoa mizigo bandarini hapo Tanga inawahudumia Wamarekani wa misaada, na wakisikia shemeji yako ni Msudani kazi huna. Barua hiyo ninayo, naijua kwa moyo: "Sheria yao yenyewe inasema hali hiyo hufa baada ya mwaka mmoja. Subirini ife, nami nitakuja huko mwenyewe kukuoza kwa mkono wangu."

Nikasubiri. Nilipiga mstari kwenye kalenda kila mwezi uliokwisha. Mwezi wa nane, mabomu yalipoua watu wetu Dar na Nairobi, na baadaye makombora ya Wamarekani yakapiga Khartoum, nilijilaumu kwamba nimewahi kukunung'unikia. Nilisema kaka aliona mbali. Osman alikuja kukaa nasi Watanzania siku tuliyowasomea marehemu dua, akakaa pembeni, kichwa chini, na mtu mmoja akahama asikae karibu naye. Siku hiyo nilikutetea kuliko siku zote.

Mwezi huu akaja nikiwa nafunga marobota. Alikuwa amesikia redioni.

"Wameongeza," akasema. "Rais wao ametia saini. Mwaka mwingine."

"Kaka yangu hatajificha nyuma ya hilo," nikamwambia. "Aliahidi mwaka mmoja. Wewe humjui Shaabani."

Akanitazama kwa huruma, nami nikakasirika kwa kuonewa huruma.

Baada ya siku nne akarudi na faksi. Ami yake aliye Port Sudan hununua majani ya chai, na alitaka atafutiwe huku mashine ya kufungia pakiti ndogo ndogo. Ili Osman aone ni chai ya namna gani, akamtumia na karatasi ya mzigo wa mwisho. Chini yake palikuwa na maneno ya mkono ambayo Osman hakuweza kuyasoma, akaniomba nimsomee. Yaliandikwa: "Mzigo wa Sudan, harakisheni." Na saini.

Kaka, saini ile imo kwenye ripoti zangu zote za shule tangu baba alipofariki. Ule mkia wake mrefu ningeutambua gizani. Chai ya Usambara, imetolewa na wewe bandarini Tanga kwenda Sudan, mwezi wa tatu mwaka huu huu, wakati mimi napiga mistari kwenye kalenda. Na ami yake anasema haukuwa mzigo wa kwanza.

Kumbe chai kwenda kwa Wasudani haina hatari, ila mimi!

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona aibu kwa kuchelewa kuelewa. Unakumbuka waposaji wa dada Mwanahamisi pale nyumbani Ngamiani? Baba hakumwambia hata mmoja kwamba hamtaki. Alisema binti bado anasoma. Dada alikuwa ameacha shule miaka minne nyuma! Wageni wakanywa kahawa, wakasifu halua, wakaaga, na hawakurudi. Aliyepeleka sinia ni mimi, na nikirudi jikoni nilikuwa najiziba mdomo kwa kanga nisicheke, maana kila mtu nyumba ile alijua "bado anasoma" ni nini. Leo maneno yale umenipa mimi. Tena hukutosheka na shule, umeniletea serikali nzima ya Marekani na sheria zake. Wageni wale angalau walielewa jioni ile ile. Mimi wa ndani umeniacha nikae mwaka mzima.

Nilimwambia Osman yote, nikilia. Hakushangaa.

"Mimi nilijua tangu barua ile," akasema. "Kwetu Omdurman pia mzee hasemi hapana. Husema ngojeni mvua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ni kaka yako. Ningekuambia, ungenichukia mimi."

Mgeni alikaa mwaka mzima akiilinda heshima yako kwangu. Wewe uliyekula nami sahani moja hukuweza kuilinda yangu kwa mstari mmoja wa kweli. Kama unaogopa kwamba nikiolewa hutakuwa na mtu wa kukununulia bidhaa huku, ungesema. Kama hupendi Wasudani, ungesema pia, tungegombana tukaisha.

Imamu wa hapa ni mzee wa Kichina, Kiarabu chake kinanishinda. Nimemweleza kwa ulimi wa Osman. Amesema walii akikataa kwa sababu, sababu yake husikilizwa. Akimzungusha mtu bila sababu, jambo linamtoka mikononi. Kwa hiyo nataka karatasi moja kabla ya Ramadhani: ama uwakala, ama neno "sitaki" pamoja na sababu. Ukikataa, kataa kwa jina lako, usikatae kwa jina la rais wa watu.

Nisalimie wifi, mwambie vitenge vyake vimo kwenye robota la bluu. Nisalimie dada Mwanahamisi na mumewe, na watoto wote uwabusu.

Barua inakujia kwa mkono wa Bi Zuhura, yule Mzanzibari tunayepanga naye chumba, anayekwenda Tanga kumwona binti yake. Najua barua zangu kwa mama wewe ndiye unayemsomea, na sasa najua unavyosoma. Nakala ya hii nimempa Bi Zuhura, na nimemwomba amsomee mama mwenyewe, yote, kabla hajakukabidhi wewe. Basi ukimaliza kusoma ukamkuta mama amekaa mbele yako, usimtafutie maneno. Jibu ninalolingoja mimi, naye analingoja.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwanaidi