Simu Hukatika Ikifika kwa Baba

Mkula, Busega
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwako mwanangu Luhende,

Mwangaluka. Sisi hapa ni mhola duhu, salama tu, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeanza tena kunisumbua tangu mvua zirudi. Shemeji yako Mektilda hajambo na watoto wake hawajambo. Kaka yako Selestini yuko Nassa kwenye dagaa, humwona mkewe mwisho wa juma tu. Pamba imeanza kutoa vitumba. Natumaini wewe, Martha na mtoto mko wazima huko Makambako, na kwamba baridi ya huko haimwonei mdogo.

Nakuandikia barua kwa sababu simu uliyonipa imenishinda, au labda ni mimi niliyekushinda wewe. Sijui. Jana ulipiga. Mektilda akapokea jikoni, nikamsikia anacheka nawe, anakuuliza kama mtoto ameanza kutabasamu. Kisha akaniletea. Nikaiweka sikioni nikasema, "Luhende." Kimya. Nikasema tena. Kimya. Nilipoitazama, kioo kilikuwa cheusi. Ndivyo ilivyokuwa Jumatano, na ndivyo ilivyokuwa kila siku kabla ya hapo.

Nimelifikiri jambo hili kwa utaratibu. Si chaji, kwa sababu Mektilda anaichaji kwenye sola kila mchana. Si mtandao, kwa sababu Selestini alipopiga siku nilipolala na malaria, simu iliwekwa kwenye mto karibu na sikio langu, tukaongea hadi nikasinzia. Simu ni ile ile na mnara ni ule ule. Kinachobadilika ni mtu wa upande wa pili. Kwa hiyo nakuuliza kama baba: kuna neno nililokukosea?

Mtoto wako bado hajapata jina kutoka kwangu. Unajua kwetu jina haliandikwi kwenye karatasi likatumwa kama risiti. Babu hulitamka, mtoto akalisikia kwa sikio lake. Angekuwa karibu ningempakata. Kwa kuwa yuko mbali nilisema basi simu itatosha, mumwekee sikioni. Dukani kwa Athumani walitaka kuniazima simu yao, lakini pale kuna watu wanaosubiri kupimiwa sukari, na jina la mtoto halitamkwi mbele ya wanaosubiri sukari.

Jina ninalo tangu siku mliyoniambia kuwa ni msichana. Nimekosa pa kulipitishia.

Ni mimi baba yako,
Ngassa


Makambako
Alhamisi, 13 Machi 2025

Kwako baba,

Mwangaluka baba. Pole na goti. Sisi ni wazima, mtoto ananenepa, na baridi ya hapa ameizoea kuliko mimi. Msalimie shemeji na wanangu wote.

Barua yako ililetwa na basi mwanzoni mwa wiki. Sikuijibu haraka kwa sababu niliisoma nikaona kama imeandikwa na mtu aliyesimama upande wangu. Baba, mimi sijawahi kukata simu. Inakatwa huko kwako.

Nakueleza ninachosikia. Naongea na shemeji vizuri kabisa. Ananiambia habari za kuku, ananitania kwamba nimeanza kuongea kama Mbena wa huku. Kisha anasema, "Subiri shemeji, baba huyu hapa." Nasikia khanga yake ikisugua, nasikia hata wewe ukikohoa. Halafu tuu, tuu, tuu. Nikipiga tena inaita bila kupokelewa. Wakati huo Martha amesimama mbele yangu amemshika mtoto, sikio la mtoto limeelekezwa kwangu. Mara ya kwanza tulicheka. Siku hizi Martha anamrudisha kitandani.

Hukuja kwenye harusi yetu. Ulisema ni msimu wa kuvuna pamba, nami nikaamini. Watu wa hapa walininong'oneza kwamba mzee wangu hataki binti wa mbali, nikakutetea. Sasa nimeishiwa maneno ya kukutetea, kwa sababu naona unaongea na Selestini hadi unasinzia.

Ubatizo ni Pasaka, na padri anataka jina. Baba yake Martha ni mtu mpole. Ameniuliza kwa adabu kama anaweza kumpa mtoto jina la kwao. Nimemwomba asubiri. Meseji siandiki, kwa sababu najua shemeji ndiye anayekusomea, na hili si lake. Kama hutaki kuongea nami, niambie kwa barua kama hii, nami nitamwachia mzee wa huku atoe jina. Sitakasirika. Nataka tu kujua.

Mwanao,
Luhende


Mkula, Busega
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwako mwanangu Luhende,

Mwangaluka. Nashukuru kusikia mtoto ananenepa. Goti ni lile lile. Hapa nyumbani si mhola sana, na nitakueleza kwa nini.

Baada ya kusoma barua yako nilimwita Mektilda. Nikamwuliza, "Mkamwana, ukiniletea simu, huwa unafanya nini?" Akasema, "Nakuletea tu, baba." Nikamwuliza tena, labda kwa sauti isiyo nzuri. Akalia. Akasema kama ni yeye anayewagombanisha mtu na mwanawe, Mungu amlipe. Tangu siku hiyo hataki kuigusa simu. Inaita jikoni mpaka inachoka, naye anakoroga ugali kama hasikii. Kama ulipiga Jumanne, hiyo ndiyo sababu. Sikukukataa.

Nikaamua nijifunze mwenyewe. Nilibonyeza kitufe cha pembeni, kioo kikawaka na kunionyesha vidoti vya kuunganishwa. Mektilda alishanionyesha umbo lake, ni kama N iliyopinduka. Nilichora, ikakataa. Nikachora polepole, ikakataa, ikaniambia nisubiri. Nikasubiri, nikachora, ikaniambia nisubiri zaidi. Nikakishikilia kile kitufe kwa muda, akatokea mwanamke akaniuliza kwa Kiingereza anisaidie nini. Nilimjibu kwa heshima kwamba namtafuta mwanangu Luhende aliyeko Makambako. Akasema hakuelewa. Kama anakaa kwako, msalimie, ila nijulishe ni nani.

Siku ya mkutano wa AMCOS, ushirika wetu wa pamba, niliibeba nikitaka kuwauliza vijana. Nikiwa nimekaa nikakibonyeza kitufe upesi upesi ili iamke. Ikapiga king'ora. Mashimba, katibu wetu, alikuwa katikati ya kusoma bei ya dawa ya pamba. Akatoka mbio akidhani ni gari la wagonjwa, akaanza kufukuza ng'ombe barabarani ili lipite. Alipogundua ni mimi akasema, "Mzee Ngassa, mgonjwa ni wewe au ni simu?" Watu bado wananiuliza hivyo njiani.

Na kuna jingine ambalo silielewi. Vijana waliponifungulia simu niliona imejaa picha. Si za watu. Ni magoti ya Mektilda, pindo la khanga yake, na vidole vyangu. Nani anazipiga?

Mama yako Kwandu, apumzike kwa amani, alikuwa akisema nikikosa la kusema huwa naanza kupanga mambo kwa mafungu. Ni kweli. Usiku ule niliandika kwenye shajara yangu kila kinachotokea tangu simu iite hadi inyamaze, kama nilivyokuwa nikiandika ripoti za ghala. Nakunakilia hapa, labda wewe utaona nisichokiona.

Simu inaita jikoni. Mektilda anapokea, mnasalimiana. Anavuka uwanja huku anaongea nawe. Akinifikia anapiga magoti kama ilivyo desturi, anainamisha uso, anainyosha kwangu kwa mikono miwili. Nami naipokea kwa mikono miwili. Naipeleka sikioni. Umeshaondoka.

Kuhusu harusi: ilikuwa pamba, Luhende. Ilikuwa pamba tu.

Usimwachie mzee wa huko. Namheshimu, lakini usimwachie bado.

Ni mimi baba yako,
Ngassa


Makambako
Jumatatu, 31 Machi 2025

Kwako baba,

Mwangaluka baba, na shikamoo mara nyingine juu yake. Sisi ni wazima. Mwambie shemeji kabla hujasoma zaidi kwamba hana kosa lolote. Tafadhali mwambie kwanza, halafu uendelee.

Nilikuwa namsomea Martha barua yako kwa sauti. Nilipofika kwenye mikono miwili nikaacha kusoma. Martha akasema, "Endelea." Nikaichukua simu yangu nikaishika kwa mikono miwili.

Baba, simu hiyo ilikuwa yangu kabla ya kuwa yako, unakumbuka. Kabla sijampa fundi Imrani wa Somanda aibadilishe kioo, kilikuwa kimepasuka upande wa chini, pale penye alama nyekundu ya kukata. Nilikuwa nikimaliza kuongea nashindwa kukata, salio linaendelea kuliwa. Ndipo nikaipanga ili kitufe cha pembeni, kile cha kuwashia, kiwe kinakata simu. Ukikibonyeza wakati mtu yuko hewani, anaondoka, na kioo kinajifunga hapo hapo. Kioo kipya kilipowekwa nilisahau kabisa kuuondoa mpango ule. Nikakuletea hivyo hivyo.

Sasa tazama simu ilivyo. Kitufe kiko ubavuni. Mtu anayeipokea kwa mkono mmoja anaishika kwa nyuma, hakigusi. Anayeipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, anaibana mbavu zote mbili. Siku ya malaria uliwekewa kwenye mto, ndiyo maana Selestini hakukatika. Na hizo picha ni hivyo hivyo: kitufe hicho kikibonyezwa mara mbili kinafungua kamera, na vya sauti, vikibanwa, vinapiga picha. Kikibonyezwa upesi mara nyingi kinaita msaada kwa king'ora. Yule mwanamke wa Kiingereza hakai kwangu, anakaa ndani ya simu. Martha alitaka nilieleze hilo vizuri.

Kuondoa: fungua Mipangilio, ushuke hadi penye neno Ufikivu, humo utafute mstari unaosema kitufe cha kuwashia kinakata simu, ukizime. Usiguse kingine. Kama ni vigumu, shemeji akuwekee simu kwenye kigoda, uiokote mwenyewe kwa mkono mmoja.

Nimemwambia mzee wa huku asubiri mpaka Jumapili ya Matawi. Amekubali. Amecheka sana pia, samahani.

Nilidhani mambo mengi mabaya juu yako, baba. Nimeyaacha.

Mwanao,
Luhende


Mkula, Busega
Jumanne, 8 Aprili 2025

Kwako mwanangu Luhende,

Mwangaluka. Sisi ni mhola, na safari hii ni mhola kweli. Mektilda ameanza tena kucheka jikoni.

Nilifanya jaribio. Selestini alipokuja Jumamosi nilimwambia akae pembeni anipigie. Mektilda akapokea, akavuka uwanja, akapiga magoti, akaninyoshea. Nikaipokea kama kawaida, lakini safari hii nikitazama vidole vyangu badala ya kumtazama mtu. Kidole gumba cha kulia kilikuwa juu ya kitufe kama kimezaliwa pale. Selestini akasema, "Umenikata, baba."

Kwa hiyo ulivyoandika mara ya kwanza ni kweli. Aliyekuwa akikukata ni mimi. Nimemwambia Mektilda hivyo mbele ya mumewe. Akasema, "Yameisha baba," akaenda kunichemshia chai, na ilikuwa na sukari nyingi kuliko ninavyopaswa kunywa.

Kuhusu Mipangilio, niliingia. Sijui nilikosea wapi. Nilifika penye Ufikivu na mistari ilikuwa mingi, nikagusa mmoja niliodhani ndio. Sasa simu inasema kwa sauti kila ninachogusa. Nikigusa saa, inanitajia saa. Nikiweka kidole pembeni nikifikiri, inanisomea pale nilipoweka kidole. Selestini alijaribu kuinyamazisha akaishia kuifanya iseme haraka zaidi. Ataipeleka Somanda kwa Imrani baada ya Pasaka. Hadi hapo tunaishi nayo kama mgeni mwenye maneno mengi.

Kigoda nimekikataa. Mtu akikupigia magoti huwezi kumwonyesha kigoda. Na kupokea kwa mkono mmoja kutoka kwa mke wa mwanangu, akiwa chini, siwezi. Mkono wenyewe unakataa. Nilimwambia Mektilda aache kupiga magoti kwa ajili ya simu tu. Akanitazama kama nimemtukana.

Mwenyewe akapata njia. Anaiweka simu kwenye ungo mdogo, ule wa mama yako wa kupepetea ulezi. Ananinyoshea ungo kwa mikono miwili. Napokea ungo kwa mikono miwili. Kisha nauweka mapajani, nainamia, naongea humo humo. Tumejaribu na Selestini akiwa nyuma ya nyumba, ananisikia vizuri. Mashimba alipita akatukuta, akauliza kama tunapepeta simu. Nikamwambia ndiyo, tunatoa makapi.

Piga Jumapili ya Matawi, baada ya misa. Mwekeni mtoto karibu.

Ni mimi baba yako,
Ngassa


Makambako
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kwako Babu Kwandu,

Mwangaluka baba. Sisi ni wazima, na mtoto jana alibatizwa. Alilia maji yalipomgusa, kisha akalala hadi mwisho wa misa. Nakuandikia hata kama tuliongea, kwa sababu hatukumaliza.

Nilisikia ungo. Nilisikia shemeji akipiga magoti, kisha kitu kikakwaruza, kisha wewe ukisafisha koo. Nikasubiri ile tuu, tuu. Haikuja. Ikaja sauti yako, kutoka mbali kidogo, kama mtu anayeongea ndani ya chungu: "Luhende, upo?" Nikasema nipo. Nikamwekea mtoto upesi.

Martha hakujua jina ni la nani. Alikusikia ukilitamka, akaniona, akaniuliza kwa macho. Nilimwambia baadaye kwamba ni la mama. Akasema basi ungo ule ulikuwa wa mwenyewe.

Najua simu ilikatika hapo hapo, na najua utakuwa umekaa siku zote hizi ukipanga sababu zake kwa mafungu. Acha, baba. Hakuna aliyekukata kwa ubaya. Ulipolitamka mara ya pili mtoto aligeuza kichwa, akaishika simu kwa mikono yake yote miwili, akaibana shavuni, na shavu likagusa alama nyekundu.

Hatujamfundisha adabu hiyo. Amezaliwa nayo.

Ni mimi mwanao,
Baba Kwandu