Sauti ya Nne Iko Igowole

Mpendwa Baba Tumaini,

Kabla sijakupa habari za nyumbani, acha niseme lililonileta: nimeipoteza sauti yako. Aliyeipoteza ni mimi, si mwizi wala fundi. Niliifunga kwa kamba ya katani nikaikabidhi kwa mikono miwili, na watu wakanisifu kwa moyo wangu mweupe. Nakuandikia hadharani, gazetini, kwa sababu kuna wajane wengine ambao matanga yao bado hayajaanuliwa, na huenda mmoja akasoma akajizuia mapema. Lakini maneno haya ni yako.

Unaikumbuka siku ile tuliyokwenda duka la spika Mlandege? Kifua kilikuwa kimeshakukataza kusimama kwaya na wenzako wa besi, sauti ya nne. Ulikuwa umerudisha joho, ukawa unakaa benchi la nyuma kanisani ukihesabu midundo kwa kidole kwenye goti. Ukasema unataka spika nzuri nyumbani, usikilize ile rekodi mliyoimba kabla hujaugua. Nikadhani ni ugonjwa unaongea. Nikakuambia TV yetu ina sauti ya kutosha, na anayetaka kelele zaidi aende harusini. Ukavaa koti, na mimi nikakufuata nikinung'unika mpaka dukani.

Yule muuzaji alikuwa na maneno, jamani. Alitutolea seti mpya, spika tano ndogo na sabufa yenye taa za bluu, akaweka muziki wa kudunda mpaka pazia la mlangoni likapepea. Watu wakasimama nje kushangaa. Mimi nikaona tumemaliza: spika tano, tena mpya, tena bei yetu, sasa mtu atake nini zaidi? Wewe ukatoa flashi mfukoni ukamwomba azime muziki wake, aweke wimbo wa kwaya, na apunguze sauti. Ukakaa kwenye stuli ukafumba macho. Kisha ukamwambia, kwa upole wako ule wa kuudhi, kwamba kishindo kila spika inakiweza, mtihani ni mtu akiimba taratibu. Zile tano ziliimba kama nyuki ndani ya kopo, na hata mimi niliyekuwa na hasira nilisikia.

Basi ukahamia kwenye rafu ya mitumba. Ukachagua amplifaya kuukuu, spika mbili za mbao zilizochubuka pembeni, na sabufa ya peke yake, nyeusi, nzito, isiyo na taa hata moja. Ulisema mwenye hela kidogo ni heri anunue spika mbili zinazosema kweli kuliko tano zinazodanganya. Hapo nilikubali. Nilichokataa ni ile sabufa. Nikakuuliza mbele ya muuzaji, mzee mzima na dude la disko, majirani zetu wa Kihesa watatuonaje? Ukanijibu wakati nimeshageuka kubishania bei ya waya.

"Mama Tumaini, hizo mbili haziwezi sauti ya nne. Ukitaka kunisikia mimi, ni hilo."

Maneno niliyasikia vizuri. Sikuyatia moyoni, kwa sababu nilikuwa nimeshinda kwenye bei ya waya na ushindi huo ulinitosha.

Nyumbani ulinichekesha. Ulipandisha sabufa kwenye kochi, pale pale unapokaa, ukaweka wimbo, halafu ukaanza kutambaa kwa magoti ukutani mwa sebule, sikio chini, ukitafuta kona ambayo besi inasikika safi, ili uihamishie huko. Jirani yetu wa geti la pili akaingia na bakuli la kuomba chumvi, akakukuta umepiga magoti kwaya inaimba, akafunga macho na yeye. Nilimwacha asali mpaka amina. Ulipoipata kona, kando ya kabati la vyombo, nikaifunika sabufa kwa kitambaa changu cha kufuma na juu yake nikaweka chombo cha maua ya plastiki, maana nyumba ni lazima ionekane ina mwanamke. Kila mlipoimba, kile chombo kililia zzz. Ukawa unakitoa, nakirudisha, unakitoa. Miezi minane tuligombana hivyo, na sasa ningelipa chochote nigombane nawe hata dakika tano.

Kipupwe kikakuchukua. Sitaandika habari za hospitali, zile unazijua.

Siku ya kugawa vitu vyako shangazi yako ndiye aliyesimamia. Koti lilikwenda kwa mdogo wako Yohana, viatu kwa binamu, saa kwa Tumaini wetu. Halafu shangazi akaniuliza, kwa heshima kabisa, nina kitu gani cha kumpelekea mama yako kule Igowole, kitu cha mwanawe cha kubaki nacho. Baba Tumaini, hapa ndipo ninapoona aibu. Niliangaza macho sebuleni kutafuta kitu ambacho sitakikosa. Kitanda nilikihitaji. Redio yako niliitaka. Spika mbili na amplifaya nilizitaka kwa ajili ya rekodi yako. Nikaliona lile boksi jeusi kando ya kabati, linakula nafasi, nikasema, hilo hapo. Watu wakaguna kwa kunisifu, kitu kikubwa namna ile. Nikakibakiza chombo changu cha maua.

Nilikaa muda mrefu bila kuthubutu kuiweka rekodi. Jumapili moja baada ya ibada nikajikaza. Wakaingia sauti ya kwanza, wakafuata wa pili, wakaja wa tatu, wote wazi kabisa, hata pumzi zao nazisikia. Nikawa nakusubiri. Ulipofika ubeti wa tatu, pale ambapo sauti ya nne mnaanza peke yenu na wengine wote wananyamaza, spika zilinyamaza. Hakuna mtu. Nikadhani flashi imeharibika, nikarudisha nyuma mara sita, na mara sita hukuwepo. Nililia sakafuni pale pale ulipokuwa unatambaa.

Tumaini alipokuja likizo kutoka Mbeya nilimwonyesha. Akabonyeza rimoti, akasoma yale maandishi madogo kwenye TV tuliyoiunganisha na amplifaya, kisha akanigeukia.

"Mama, amplifaya bado inadhani sabufa ipo. Sauti zote nzito inazipeleka huko."

Akabadilisha mpangilio, zile spika mbili zibebe kila kitu. Zikajitahidi, maskini. Ukasikika kama mtu anayeongea nje mlango umefungwa, na ulipogusa noti za chini ukapotea tena. Ndipo yale maneno yako ya dukani yakanirudia yote, na nikaelewa nilichokifunga kwa kamba.

Unajua desturi ya kwenu. Kilichotoka kwenye mgawo hakirudi. Anayekidai ni kama anamfukua marehemu. Hata hivyo nilipanda basi la Igowole na kilo tano za mchele, mafuta ya kupikia na hotuba niliyoipanga njia nzima. Ningemwambia mama nimnunulie blanketi zito, yeye anipe lile boksi, tena ningesema limeharibika linahitaji fundi. Ndiyo, nilipanga kusema uongo. Nilikuwa nimefikia huko.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai. Yohana alikuwa shambani. Nikabisha hodi, nikainama, nikamsalimu mama kwa Kihehe, kamwene, akaitika na kunionyesha kwa mkono nikae taratibu. Alikuwa kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza kwenye sabufa yako kama watu wanavyoegemea ukuta wenye jua. Yohana alikuwa amemuunganishia simu kwa waya mmoja, ameweka ile ile rekodi uliyomrushia zamani. Spika nyingine hawana. Kwa hiyo hakuna sauti ya kwanza pale, wala ya pili, wala ya tatu. Ni ninyi wa besi tu mnavuma, na wewe ndani yenu, bila maneno.

Nilikaa. Uko pale, Baba Tumaini. Kihesa nina wenzako wote bila wewe, na mama ana wewe bila wenzako. Nilikusikia kupitia sakafu, kwenye mifupa ya miguu, na ile hotuba yangu yote ikanyauka mdomoni.

"Maneno siyasikii," mama akaniambia. "Lakini ni yeye. Ndivyo alivyokuwa akisikika akiwa chumba cha pili."

Halafu akageuka akanitazama vizuri, kwa macho yale yenye mtoto wa jicho, akaniuliza niliwezaje kumpa yeye kitu hiki nikabaki mwenyewe bila. Akasema katika watoto wake wote na wakwe zake wote hakuna aliyewahi kumtendea hivi. Nilimjibu kwamba nilimfikiria yeye, mama, kama mama. Akanishika mikono yote miwili, akaniombea baraka kwa Kihehe kwa muda mrefu, na mimi nikaitikia amina kila alipotua.

Nilirudi Kihesa na mikono mitupu. Sitakwenda kulidai tena lile boksi, hilo nimeshaliamua. Nilichoshindwa ni kuibeba ile baraka niliyoipokea kwa uongo. Mama hasomi magazeti, na Yohana nitamwomba asimsomee. Aendelee kuamini anavyoamini. Lakini yeye ni mzee sasa, amekonda, na kikohozi cha kipupwe hiki sikukipenda. Siku atakapokufikia huko, jambo la kwanza atakalokuambia ni jinsi mkeo alivyokuwa na moyo. Ndiyo maana nimeandika. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Mimi mkeo,
Mama Tumaini